Pedi mpya, breki bado hafifu: malalamiko ya wenye pikapu kuukuu

Wenye pikapu za dizeli wanaokuja gereji yetu hapa Arua hufika wameshatoa hukumu. "Fundi, pampu imekufa." "Injini imechoka, nitafutie nyingine Kampala." Mimi huuliza kwanza: gari hubeba nini, na nani aliligusa mwisho? Kwenye pikapu iliyopita miaka 20, chuma mara nyingi bado ni kizima. Kilichokufa ni mpira, au tatizo ni kitu ambacho mtu alikiongeza.

Chukua breki. Wabeba matofali na mihogo mikavu hulalamika kwamba wameweka pedi mpya na oili mpya ya breki, na bado gari likiwa na mzigo halisimami. Ingia chini, nyuma. Pikapu nyingi zina vali ndogo iliyofungwa kwenye chesisi, yenye mkono wa chuma unaoshikana na ekseli. Vali hiyo inapima mzigo. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, nayo inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasijifunge. Ukipakia, bodi inashuka, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi.

Sasa bwana ameongeza majani mawili ya springi ili abebe zaidi. Bodi haishuki tena vile. Vali inaona gari tupu, na tani ya matofali inaangukia karibu yote kwenye breki za mbele. Pedi zinaisha upesi, naye anamlaumu aliyemuuzia. Dawa ni kurekebisha mkono ule ulingane na kimo kipya, au kutoa hayo majani. Mimi hushauri la pili, wachache hunisikia. Wengine wameufunga mkono kwa waya ili nyuma ishike kwa nguvu zote kila wakati. Gari tupu, mvua, mteremko: utajikuta unatazama ulikotoka.

Lalamiko jingine ni kutowaka asubuhi, hasa injini za zamani zisizo na kompyuta. Betri imenunuliwa, hita plagi zimenunuliwa, na sasa kuna aliyemwambia pampu ya dizeli ifunguliwe. Ngoja kwanza. Usiku kucha dizeli inarudi tankini taratibu kwa sababu hewa imepata pa kuingilia. Chini hakuna tone, na hapo ndipo watu hupotea: upande huo wa paipu dizeli inavutwa, haisukumwi. Ni mrija wa soda wenye ufa. Hauvuji, ila ukivuta unapata upepo.

Kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha washa. Ikishika mara moja, acha pampu kubwa ipumzike. Mimi hufunga kipande cha paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, kati ya filta na pampu, nikaiacha injini iungurume. Viputo vikipita mfululizo, narudi nyuma kiungo kwa kiungo. Mara nyingi ni mpira wa ndani wa hiyo hiyo pampu ya mkono, au paipu fupi karibu na tanki iliyokauka, klipu ikakazwa mpaka ikaikata.

Kuchemsha? Watu hung'oa thamostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rediata injini ikipata joto, jambo nisilokubaliana nalo hata kidogo. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji matupu huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia ni shinikizo linaloshikwa na kifuniko cha rediata, nacho kinategemea pete ya mpira. Anza na kifuniko, kisha osha matope kwenye mapezi ya rediata.

Moshi mweusi: fungua filta ya hewa kwanza, hasa kiangazi.

Usukani ukitikisika, inua tairi la mbele kwa jeki, shika juu na chini, utikise. Likicheza, ni beringi au boli jointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshikilia tairi. Likicheza ukishika kushoto na kulia, shuku tairodi, fito inayogeuza tairi. Vyote vikiwa imara, chungulia ndani ya rimu: tope lililokauka upande mmoja linatosha kuitikisa pikapu nzima. Lioshe kabla hujanipigia simu.