Hakuna kibao, hakuna faini? Si mara zote

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu ya wenye magari hapa Arusha: "Ukikuta karatasi ya faini kwenye kioo na hapakuwa na kibao cha kukataza maegesho, ichane tu, haina nguvu kisheria." Una chembe ya ukweli, ndiyo maana haufi.

Kibao kina uzito pale ambapo katazo lenyewe linatokana na kibao. Lakini kuziba kivuko cha waenda kwa miguu au kuegesha kwenye makutano ni kosa hata pasipo kibao. Na wengi huchanganya faini na ushuru wa maegesho. Ushuru ni malipo ya kutumia nafasi, na deni lake hufuata namba ya gari. Kuchana karatasi hakulifuti.

Kwa hiyo soma kwanza: umeandikiwa kosa gani, wapi, saa ngapi? Kisha rudi mwanzo wa barabara. Kibao kinaweza kuwa kimefunikwa na matawi ya mjakaranda au mwavuli wa muuza matunda (mjini kwetu si ajabu). Kama kweli hakipo, piga picha pande zote mbili, gari lionekane, kisha pinga kwa maandishi mapema, kabla ya kulipa. Kulipa faini huchukuliwa kuwa umekubali kosa. Usipokubali, una haki ya kusikilizwa mahakamani.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Anayeuamini ndiye atakayebaki na deni.