Nguru Watatu na Tafi Watano: Kumfunza Mtoto Mdogo Grafu ya Picha

Asubuhi moja ufukweni Shela, kisiwani Lamu, nilimkuta mvuvi akipanga samaki wake juu ya turubai: nguru watatu mstari mmoja, tafi watano mstari wa pili. Mwanawe, wa miaka mitano hivi, alikuwa amechutama kando. Nikamuuliza, "Mwanangu, samaki gani ni wengi?" Akaonyesha nguru bila kusita. Babake akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu jawabu lile lilikuwa na akili ndani yake. Mstari wa nguru ulikuwa mrefu kuliko wa tafi, na mtoto wa umri ule huliamini jicho kabla ya hesabu.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilieleza jambo hili katika kazi yake kuhusu idadi iliyochapishwa mwaka 1941. Panga simbi kumi na mbili mistari miwili iliyolingana, sita na sita, na mtoto atakubali kuwa ni sawasawa. Kisha tandaza simbi za mstari mmoja mbele ya macho yake, bila kuongeza hata moja. Atakwambia mstari uliotandazwa ndio wenye nyingi. Kwa watoto wengi hali hii hupita wakifika miaka sita au saba.

Walimu wa awali na wa gredi za chini wanaokuja kwenye mafunzo yetu hapa Lamu huniuliza kwa nini watoto wanachora grafu nzuri lakini wanaisoma vibaya. Sababu ni hiyo hiyo ya nguru na tafi. Grafu ya picha, yaani picha zilizopangwa kwa safu ili kuonyesha idadi, humtaka mtoto aamini urefu wa safu. Basi ni juu yetu kuhakikisha urefu huo hausemi uongo.

Otto Neurath wa Vienna, aliyekuwa akiandaa chati za picha katika miaka ya 1920 ili watu wa kawaida waweze kusoma takwimu za nchi yao, alishika kanuni moja ambayo ningependa kila mwalimu aibandike ukutani: wingi huonyeshwa kwa picha nyingi zaidi, si kwa picha kubwa zaidi. Nguru mmoja, kadi moja. Tafi mmoja, kadi moja, na kadi zote zikatwe kwa kipimo kimoja. Mpe mtoto karatasi tupu achore ukubwa anaoutaka, na nguru atajaza ukurasa mzima. Mpe kipande kidogo cha mraba kilichokwisha kukatwa, na tatizo litakuwa limeondoka kabla hajashika penseli.

Jambo la pili ni mstari wa mwanzo. Hapa hatuna haja ya maelezo marefu, maana watoto wa Amu, yaani Lamu, wanayajua mashindano ya punda. Waulize: punda mmoja akianzia mbele ya wenzake, ni haki? Watakataa kwa sauti moja. Chora mstari wa chaki sakafuni, waambie kila safu inaanzia hapo, na kila kadi inakaa ndani ya chumba chake, isiruke chumba wala kubanana na mwenzake. Nimeona watoto wa PP2, mwaka wa pili wa darasa la awali, wakisahihishana wenyewe: "Huyo ameanzia mbele!"

Lakini kadi si hatua ya kwanza. Kwanza ni vitu vyenyewe. Watoto wavue viatu, wavipange: ndala safu moja, makubadhi safu nyingine, viatu vya kufunga safu ya tatu. Kiatu kimoja kwa kila mtoto, si pea, la sivyo hesabu itawachanganya. Waizunguke grafu yao, waione kutoka upande huu na ule. Siku nyingine, badala ya kiatu, kila mmoja aweke kadi aliyoichora mwenyewe. Hatua hii ndogo ni kubwa kwa mtoto: anajifunza kwamba kadi ile inasimama mahali pa kitu ambacho hakipo. Usiiharakishe.

Swali nalo lichaguliwe kwa uangalifu. Niliwahi kuuliza darasa zima, "Umekujaje shuleni leo?" Wote walikuwa wamekuja kwa miguu isipokuwa wawili waliovuka kwa boti. Tukapata mnara mmoja na kibanda, na hakuna aliyekuwa na la kusema. Tafuta swali linalowagawa watoto. Na tafadhali, usiulize "Umekula nini asubuhi?" Katika kila darasa huenda yumo aliyetoka nyumbani na maji matupu, na grafu ile itamweka hadharani mbele ya wenzake. Uliza, "Unapenda nini zaidi: mahamri, vitumbua au mkate wa mofa?" Hapo kila mtoto ana jawabu, na hapana anayeaibika.

Sasa tuseme grafu imekamilika: mahamri tisa, vitumbua sita, mofa nne. Kuuliza "Vitumbua ni vingapi?" ni rahisi. Ugumu unaanza kwenye ulinganisho. Uliza, "Mahamri yamezidi vitumbua kwa ngapi?" na wengi watajibu "Tisa!" Si wavivu, na kutoa wanajua. Maneno ndiyo yanayowakwaza. Mwaka 1983 mtafiti Tom Hudson aliwaonyesha watoto picha ya ndege na minyoo. Alipouliza ndege wamezidi minyoo kwa wangapi, wengi walikosea. Alipouliza ndege wangapi watakosa mnyoo, watoto wale wale walipata kwa wingi zaidi. Kiswahili chetu kina neno linalofaa kabisa hapa: mwenzake. Shika kidole cha mtoto, unganisha hamri la kwanza na kitumbua cha kwanza, la pili na cha pili, kisha uliza, "Mahamri mangapi yamekosa mwenzake?" Matatu. Baada ya siku kadhaa za lugha hiyo, rudisha neno "yamezidi", na safari hii litakuwa na maana.

Kuna pia maswali ambayo jawabu lake halimo kwenye grafu. Bandikeni grafu ya hali ya hewa, kadi moja kila siku ya shule: jua, mawingu au mvua. Januari, wakati wa kaskazi, safu ya jua itapanda peke yake. Uliza, "Mwezi wa tano itakuwa hivi hivi?" Aliyekwisha kuona masika atakataa, na mwambie aeleze. Wekeni grafu ile mpaka Mei mtengeneze nyingine, kisha zisimamisheni ubavu kwa ubavu.

Nyumbani somo hili halihitaji vifaa. Mama anapochagua mbaazi, au anapopanga maembe mabichi na mabivu kwenye sinia, mtoto apange mistari yake na aulizwe swali moja tu. Lugha iwe ile ile ya nyumbani.

Picha moja kusimama badala ya vitu vingi, mathalani boti moja iliyochorwa kuwakilisha boti mbili, isubiri mpaka mtoto awe amezoea kuhesabu kwa mbili na kwa tano. Siku hiyo ikifika, chagua picha inayokatika. Nilijaribu kwa punda. Tulipofikia idadi isiyogawanyika nikachora nusu ya punda, na msichana mmoja akaniuliza kwa huzuni nimemfanya nini. Sasa natumia chungwa. Nusu ya chungwa wanaijua, wameila.