Chora Baiskeli Bila Kuitazama

Kila mwaka, siku ya kwanza ya somo la ubunifu, huwagawia wanafunzi wapya karatasi tupu na kuwaomba jambo moja: chora baiskeli kutoka kichwani. Simu mfukoni, na dirishani hakuna kuchungulia. Darasa zima hucheka. Sisi ni watu wa Tanga. Mtoto wa Ngamiani huijua baiskeli kabla hajajua kusoma.

Dakika kumi zikipita, kicheko kimekwisha. Huyu kaizungusha cheni kwenye magurudumu yote mawili. Yule kayaunganisha magurudumu kwa bomba moja la chuma, baiskeli isiyoweza kukata kona hata siku moja. Mwingine kaweka pedeli katikati ya gurudumu la nyuma. Na baadhi yao wamefika chuoni asubuhi ile ile kwa baiskeli. Mwaka 2006 mtafiti Rebecca Lawson wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, alichapisha utafiti wenye zoezi la namna hii, akakuta makosa ya aina hiyo hiyo, na waendesha baiskeli nao hawakusalimika wote.

Naanzia hapo kwa sababu wengi huniambia, "Mwalimu, mimi sina kipaji cha kubuni." Kwa miaka niliyofundisha, wasio na kipaji nimewaona wachache mno. Niliowaona wengi ni wale ambao macho yao yamezoea. Kitu tukikizoea tunaacha kukitazama. Akilini linabaki jina lake tu, na yaliyosalia tunayajaza kwa kubahatisha. Mtu asiyekijua kitu kilivyo atakibadilishaje?

Baada ya zoezi tunatoka nje. Mwanafunzi mmoja, baiskeli moja, penseli, saa nzima. Picha za simu nazikataa, maana simu hupiga picha hata kama mwenye simu hajaona kitu. Mwanafunzi mmoja alikwenda karibu na Soko la Mgandini, akakaa akimtazama muuza samaki akipakia tenga. Alirudi na kurasa saba. Kwenye ukurasa wa nne alikuwa amechora keria iliyoongezewa nondo pembeni, na mpira wa tyubu kuukuu uliokatwa ukawa mkanda mrefu. Mkanda ule ulizungushwa mara tatu, kisha ncha yake ikachomekwa chini ya mzunguko wa mwisho. Pembeni aliandika: "Hakuna fundo, kwa sababu mkono mmoja umeshika baiskeli isianguke."

Nilimsomea kila mtu sentensi hiyo. Kabla ya siku ile kijana alikuwa na mpango wa kubuni sanduku la plastiki lenye kufuli, zuri machoni, ambalo muuza samaki asingeweza kulifunga bila kumwomba mtu msaada. Aliliacha mwenyewe. Akaanza kufikiria kifungio cha mkono mmoja.

Kuna mazoea mengine yanayonipa wasiwasi zaidi. Mwanafunzi akipewa kazi tu, huyo kwenye intaneti kutafuta mifano. Namwelewa, lakini mfano wa kwanza unanata. Mwaka 1991 watafiti David Jansson na Steven Smith walichapisha majaribio ambayo wabunifu walipewa kazi kama ya kubuni kikombe cha kahawa kisichomwagika. Maelekezo yalikataza mrija. Hata hivyo, waliooneshwa kwanza mfano wenye mrija walichora mirija mara nyingi zaidi kuliko wasiouona. Kosa la mfano liliwaingia wakadhani ni wazo lao.

Kwa hiyo kwangu simu inafunguliwa baada ya michoro ishirini, kila mmoja mdogo kama kiberiti. Mitano ya kwanza huwa ya kila mtu; ukiichanganya huwezi kujua ipi ya nani. Kwenye wa kumi mwanafunzi hukasirika. Naomba asiache hapo, kwani vitu ninavyovikumbuka miaka baadaye vilitoka kwenye wa kumi na tatu au wa kumi na saba. Na michoro hiyo kila mtu aifanye peke yake kwanza, ndipo kundi likutane. Kwenye kikao mmoja akisema wengine wanangoja zamu, na wazo hupotelea katika kungoja.

Kisha namwita mtu wa nje. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mama lishe au fundi cherehani akipita mbele ya michoro atauliza swali ambalo darasa zima halikuliuliza.

Mwezi wa pili tunafuata kinachotupwa, na hapo mkoa wetu wenyewe ni kitabu. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani. Miche iliyofika hai ilikuwa 62. Jani la mkonge hutoa nyuzi takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kwa miaka zaidi ya 100 akili nyingi zilielekezwa kwenye asilimia hizo 4, na sehemu kubwa ya makapi yaliyotoka kwenye korona, ile mashine ya kukwangua jani zibaki nyuzi, yakaachwa yaoze. Miaka ya 2000, pale Hale, ukajengwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa biogesi na umeme. Makapi hayakuwa mageni. Walikuwepo mashambani tangu enzi za Wajerumani watu walioyaruka kila asubuhi wakienda kazini.

Wazazi na wenye karakana, nawaomba: kijana akija kukaa kwenye benchi lenu akimtazama fundi bila kusema neno, msimfukuze kwa kudhani hana kazi. Yuko kazini.

Yule wa Mgandini sasa ana kifungio cha nne. Cha tatu kilikatika tenga likiwa limejaa vibua. Muuza samaki ameomba ncha iwe ndefu kidogo, apate kuishika saa kumi alfajiri, kabla hakujapambazuka.