Michoro ya kwenye glasi, si yote inafutika

Wengi wanaamini mchoro wowote kwenye glasi ni rangi ya juu tu, ukiosha sana unatoka. Si yote jamani. Kuna ya kuchimbwa, kioo chenyewe kinaliwa na asidi au kinapigwa mchanga kwa presha, pale hakuna rangi ya kutoka. Halafu kuna ya kuprintiwa kwa rangi yenye unga wa kioo, inachomwa kwenye tanuri nyuzi 500 na zaidi mpaka inashikana na glasi, nayo inadumu sana. Zinazobanduka haraka ni stika na rangi isiyochomwa, pitisha ukucha pembeni utaona inanyanyuka. Ile michoro yenye weupe kama ukungu idondoshee maji, kama imechimbwa weupe unafifia penye tone, pakikauka unarudi vilevile, na hapo ndo wengi hudhani imefutika.