Kumkinga mtoto na anachoogopa hakumtoi uoga

Hapa Nairobi utasikia sana, mtoto akilia asubuhi eti tumbo linauma hataki shule, "muache tu akae nyumbani, uoga utaisha wenyewe." Watu husema hivyo kwa mapenzi kabisa, ndo maana imani hii imedumu. Lakini wasiwasi ukizidi hauendi hivyo. Akibaki nyumbani anapata nafuu papo hapo, alafu akili inajifunza kwamba amepona juu alikimbia, na kesho uoga unarudi na nguvu zaidi. Na hilo tumbo linauma kweli, hadanganyi.

Tiba ya fikra na tabia, yenye ushahidi mwingi, inaenda upande mwingine: mtoto anakaribia anachoogopa pole pole, kwa hatua alizokubali. Mfano yule wa gredi ya sita anayetetemeka akisoma mbele ya darasa, anaanza kumsomea shosho sebuleni, alafu binamu wawili, alafu mwalimu peke yake saa ya breki, kila hatua anairudia mpaka aizoee ndo asonge. Si kumsukuma kwa nguvu, hiyo naipinga kabisa.

Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotoka 2008, watoto 488 wa miaka 7 hadi 17, ulionyesha karibu 60% ya waliopewa tiba hii pekee walipata nafuu kubwa, karibu 81% ya walioipata pamoja na setralini, dawa ya kupunguza wasiwasi, na 24% tu ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Dawa ataamua daktari. Wewe mzazi, akifika shuleni hata na machozi, msifu kwa kufika.