Kosa moja la biathloni halina bei moja

Tangu Michezo ya Majira ya Baridi ya Asia ya Harbin, Uchina, 2025 hoja ileile imerudi: katika biathloni, yaani mbio za skii zenye vituo vya kupiga shabaha kwa bunduki, kila anayekosa shabaha huzunguka duara la adhabu, kwa hiyo hesabu makosa tu, utamjua mpigaji bora wa Asia. Si kweli, na inawaonea wanamichezo.

Biathloni imo kwenye michezo hiyo ya Asia tangu ile ya kwanza, Sapporo 1986. Kazakhstan iliingia 1996, baada ya Muungano wa Sovieti kuvunjika. Sapporo 2017 kulikuwa na mbio za kufukuzana na za kuanza pamoja. Harbin 2025, kule Yabuli, zilibaki mbio fupi na za kupokezana. Ekaterina Avvakumova aliipatia Korea Kusini dhahabu yake ya kwanza ya biathloni katika michezo hii kwenye mbio fupi ya km 7.5, yenye risasi kumi tu. Mbio za kuanza pamoja zina ishirini. Utalinganishaje?

Katika mbio fupi, kosa moja ni mita 150 za duara, sekunde ishirini na kitu, na zaidi theluji ikiwa nzito. Katika mbio za mtu mmoja mmoja za km 20 na 15 hakuna duara: unaongezewa dakika nzima. Katika kupokezana kila kituo kina risasi tatu za akiba, unazipakia moja moja kwa mkono. Vidole vikifa ganzi, moja inaweza kula sekunde kumi. Unaweza kukosa mara tatu usizunguke hata mara moja!

Bei hiyo ndiyo inayoamua namna ya kupiga. Shabaha iko mita 50: ukilala kifudifudi ina milimita 45, ukisimama 115. Bunduki haina darubini. Upepo ukigeuka baada ya kurekebisha kilengeo (kifaa cha kulengea, kinachozungushwa kusogeza mlengo), je, ukizungushe tena au ulenge pembeni? Wakufunzi hawakubaliani, nami nina shaka na kila kanuni ninayosikia. Anayezungusha kwa pupa hupoteza risasi ya pili upande wa pili, upepo ukishatulia. Ningezungusha tu kama kibendera cha upepo kimeshikilia upande mmoja kwa risasi mbili. La sivyo, ngoja: kwenye mbio fupi sekunde tatu za kungoja ni nafuu kuliko duara. Kwenye kupokezana, ukiwa bado na akiba zote, piga.