Kukatwa kwenye LUKU sio kulipa kodi ya fremu

Wiki hii ni wa nne. Dada wa saluni, fremu iko Sinza, kaja na bahasha ya risiti, namuuliza habari ya kodi ya zuio, ile ya kukata kwenye pango la fremu, ananijibu kwa kujiamini kabisa, "Kaka hiyo nshalipa, si nakatwa kila mwezi kwenye LUKU?" LUKU, yani umeme wa kulipia kabla! Nikanywa maji kwanza.

Jamani. Lugha yetu ndo imetuponza. Unachompa mwenye nyumba tunaita kodi, inayoenda TRA, mamlaka ya mapato, kodi, ya kiwanja nayo kodi ya pango la ardhi, halafu tunashangaa watu wanachanganya. Kwenye fremu moja kodi zinapita kama tatu hivi na kila moja ina mwenyewe.

Inayokatwa kwenye LUKU ni kodi ya jengo. Mfumo umeanza Agosti 2021, kabla ya hapo watu walikuwa wanapanga foleni. Ilianza elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, tangu Julai 2023 ni 1,500, yani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa kwa huku mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Haijali unauza nini, haijali umefunga mwezi mzima, usiponunua umeme inakusubiri, siku ukinunua inakatwa yote kwa mkupuo ndo unaona tokeni imekuja na uniti za kuchekesha. Na sio yako! Ni ya mwenye jengo. LUKU ni mfereji tu wa kukusanyia, wanakata kwa anayenunua umeme kwa sababu ndo anayepatikana. Wakati inaanza serikali yenyewe ilisema mpangaji aelewane na mwenye nyumba, kwa hiyo hizo 1,500 dai au kata kwenye pango. Jengo likiwa na fremu sita na mita sita kodi ni moja, mita mbili zikikatwa nenda kalalamike na namba za mita zote mkononi.

Wazee wa miaka 60, msamaha ni wa nyumba unayoishi, fremu ulizopangisha hazimo. Tuendelee.

Kodi ya zuio sasa, hapa ndo naumwa kichwa. Ukipanga sehemu ya biashara unazuia asilimia 10 ya pango, unapeleka TRA, mwenye nyumba unampa iliyobaki pamoja na cheti cha zuio. Pango laki tano, unabaki na 50,000, yeye anachukua 450,000. Ni kodi yake, wewe ni tarishi tu, ila tarishi asipofikisha anadaiwa yeye. Mtaani baba mwenye nyumba anakwambia "mimi nataka hela yangu kamili, mambo ya TRA utajua mwenyewe", na dalali anatingisha kichwa pembeni kama vile ni sheria. Unalipa miezi sita, milioni tatu taslimu, halafu unapiga asilimia 10 ya milioni tatu unapeleka laki tatu unajiona mwema. Bado umekosea! Kama yeye kapokea milioni tatu safi maana yake pango halisi ni 3,333,333 na zuio ni 333,333. Unagawa kwa 0.9, huzidishi kwa 0.1. Nimeshabishana na wahasibu wenye vyeti ukutani kwa hili. Andikeni kwenye mkataba pango ni kabla ya zuio, sentensi moja tu, inaokoa ugomvi wa mwaka.

Turudi kwenye kodi ya jengo. Kuhusu kiwango kimoja kwa wote, mimi mwenyewe roho haijatulia. Fremu ya Kariakoo na kibanda cha tofali Chanika vyote 18,000 kama havina ghorofa, haki iko wapi? Zamani majengo yalikuwa yanathaminiwa, ila uthamini ni gharama na majengo mengi hayakuwahi kufikiwa kabisa. Kuna siku natetea thamani, kuna siku nakumbuka yale madaftari ya uthamini ya enzi hizo nasema bora hii elfu moja mia tano.

Yule dada nilimwambia akamdai baba mwenye nyumba 9,000 zake za miezi sita. Kanipigia jana. Eti kajibiwa, "Kwani umeme natumia mimi?"